Shangazi, mjomba ametuletea DJ wa bure

Shangazi, shikamoo.

Naandika kutoka Chikongola, Mtwara mjini. Nina miaka 34, nina watoto wawili, na tangu Agosti nimekuwa katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Harusi ni Jumamosi ya pili ya Desemba. Ijumaa usiku ni kesha nyumbani, Jumamosi mchana nikahi, usiku ukumbini. Wageni tumekadiria 250, karibu nusu wanatoka Lindi, upande wa bwana harusi.

Kinachonisumbua ni muziki. Chakula kimepata mpishi, ukumbi tumeulipia, mapambo yana mwenyewe. Muziki ndio umenifanya nilale macho wazi.

Nilikuwa nimeshazungumza na DJ mmoja wa hapa mjini. Nilimsikia kwenye sendofu ya jirani yetu, nikampenda kwa sababu wazee waliongea bila kupigiana kelele na vijana bado wakacheza. Bei yake laki sita. Anataka nusu ya kushika tarehe, na nusu nyingine siku yenyewe kabla hajawasha mitambo. Hilo la pili lilinikera, niliona kama anatuita wezi, lakini nikalipeleka kikaoni hivyo hivyo.

Kikaoni akasimama mjomba wetu, kaka mkubwa wa mama. Akasema laki sita ya kubonyeza laptopu ni dhambi. Mwanawe anayo laptopu, anazo sabufa mbili, anapiga kwenye shughuli za huko kwao Mikindani, atapiga bure. Watu wakapiga makofi, mhazini akaufuta mstari wa DJ kwenye daftari, kikao kikahamia kwenye soda. Mimi nikabaki na kalamu mkononi.

Huyo binamu yangu ni kijana mpole na ananisikiliza. Lakini Shangazi, mimi nina kovu. Mwaka juzi alioa kaka yetu. DJ tuliyemwamini alipokea laki mbili mkononi, karatasi hakuna. Siku ya siku simu yake haikupatikana mpaka saa 2 usiku, ndipo akaja kijana tusiyemjua na spika mbili, akasema bosi amepata kazi nyingine Masasi. Saa 3 na nusu umeme ukakatika, jenereta hakuna. Tuliimaliza harusi kwa vigelegele na ndoo za plastiki tulizozigeuza ngoma. Na kabla umeme haujakatika, yule kijana alikuwa ameshapiga singeli ya matusi shehe akiwa na tonge mkononi. Mpaka leo wifi yangu akitaka kuniumiza ananikumbusha lile tonge.

Bwana harusi naye ana rafiki Dar anayemjua DJ "mwenye jina". Anataka milioni moja na nusu, nauli na malazi juu yetu. Mama mkwe mtarajiwa ni hajjati, ametuma salamu kwamba hapendi makelele. Vijana wetu wanasema harusi bila singeli ni matanga. Na bibi, aliyeletwa kutoka Newala maalumu kwa shughuli hii, amesema pasipopigwa sindimba yeye anarudi na basi la asubuhi.

Mjomba alipoahidi mchango aliandikisha laki nne. Mpaka leo ametoa elfu hamsini, anasema fedha za korosho hazijaingia. Simlaumu, wengi wako hivyo. Nalitaja tu ili ujue kwamba si mtu wa kumgusa sasa hivi. Na unajua kwetu, mjomba akinuna, harusi nzima imenuna.

Nimkubali binamu nimuombe Mungu, au nirudi kwa yule wa laki sita na nimuudhi mjomba? Na nikirudi kwake, nitajuaje kwamba hatanifanyia kama yule wa mwaka juzi?

Katibu asiyelala,
Chikongola

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia mwisho. Pale kwenye laki nne na elfu hamsini, ulipopita haraka ukasema unalitaja tu. Nitarudi hapo. Kwanza tumalize habari ya mitambo, kwa sababu ukienda kwa mjomba hujui unachokitetea atakushinda kwa sentensi moja.

Marehemu mume wangu alipiga disko Lindi miaka ya themanini, enzi za kaseti. Kazi yangu ilikuwa kuzungusha kaseti kwa kalamu ya Bic ili wimbo ukae pale panapotakiwa, maana kuurudisha kwa mashine ni kula betri. Kwa hiyo ninaposema DJ habonyezi laptopu tu, sisemi kwa kusikia. Bonyeza hata mimi naweza. Kinacholipwa ni macho. Kule Bronx, New York, Agosti 11, 1973, kijana aliyeitwa DJ Kool Herc alipiga kwenye sherehe ya dada yake, shughuli ya kifamilia kama hii yenu, kiingilio senti chache. Alikuwa amegundua kwamba wachezaji wanasubiri kile kipande ambacho waimbaji wananyamaza ikabaki ngoma, akawa anakirefusha kwa santuri mbili. Wengi wanahesabu kuzaliwa kwa hip hop tangu usiku ule. Aligundua kwa kuangalia miguu ya watu. Huyo DJ wako wa sendofu, aliyewaacha wazee wakaongea na vijana wakacheza, naye anaangalia miguu. Ulimsikia kwa masikio yako mwenyewe kwenye shughuli ya kweli, na hakuna barua ya utambulisho inayozidi hiyo.

Sasa sabufa mbili za binamu. Sabufa imeumbwa kutoa mlio mzito wa chini, ule unaotikisa kifua. Sauti ya mtu anayezungumza haikai huko. Ukumbini kwenu atazungumza shehe, atazungumza baba, mshenga atatoa neno, MC atawaita watu wa Lindi kuleta zawadi. Kwa sabufa mtasikia mngurumo, na hajjati atasema mlimleta kwenye mashine ya kukoboa. Halafu watu 250 ni godoro: miili na nguo zinanyonya sauti. Ndiyo maana mtu akijaribu mitambo saa 10 jioni ukumbi mtupu anasema inatosha, saa 3 usiku kila mtu anamwambia ongeza. Anaongeza, spika zinapasuka sauti, watu wanashika masikio, na hapo ndipo "makelele" anayoyaogopa mkwe wako huzaliwa. Mitambo midogo iliyokamuliwa hadi mwisho ndiyo inayoumiza masikio. Mikubwa ikipigwa nusu inatulia.

Kijana akijifunzia kwenye shughuli za mtaani ana jambo jingine: nyimbo zake nyingi zimepita WhatsApp mara kumi, zimebanwa zikabanwa tena. Kwenye simu huoni tofauti, kwenye spika kubwa unasikia kama mtu anakaanga dagaa nyuma ya wimbo. Nyingine hana kabisa, anazivuta mtandaoni pale pale. Mei 12, 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, lakini ingeweza kuwa Jumamosi ya mtu. DJ wa kweli anakuja na nyimbo zake zote kwenye kompyuta, na nakala kwenye flashi mfukoni.

Kwa hiyo usiku wa ukumbini si wa binamu. Nasema usiku wa ukumbini, shika hapo.

Wa Dar mwachie bwana harusi amsikilize kwenye redio. Milioni moja na nusu, nauli, kitanda, na zaidi ya kilomita 550 za barabara. Mei 2024 baada ya mvua za Kimbunga Hidaya barabara ile ilikatika Somanga, na Aprili 2025 ikakatika tena sehemu hizo hizo. Desemba mvua za kusini zinaanza. Sisemi itakatika siku yenu. Ila wa hapa mjini akikwama anakuja na Bajaji.

Sasa hili lililokukera, la nusu ya pili kabla ya kuwasha. Mwanangu, jiweke upande wake. Kamati za harusi huvunjika pilau likiwa bado la moto. Kabla ya harusi mhazini anapokea simu mlio wa kwanza, baada ya harusi yuko shambani, yuko msibani, yuko Nanyumbu hakuna mtandao. DJ amefungasha mitambo saa 7 usiku, deni lake anaambiwa asubiri siku ya kuvunja kamati, na siku hiyo akienda anakuta mnachoma nyama kwa pesa yake. Hakuiti mwizi, anakumbuka. Ila usimpe kama alivyotaka. Mwambie hivi: nusu sasa ya kushika tarehe, robo vyombo vikishafungwa, vikajaribiwa na maiki ikasikika hadi mlangoni, robo ya mwisho wakati wa keki. Pesa yote iwe imetengwa na kushikwa na mtu mmoja asiye mhazini, mtu mzima asiyecheza muziki, aliyekaa karibu na meza yake. DJ anayejiamini atakubali. Akikataa kabisa akasema yote kwanza, hapo nami nitasita.

Na karatasi. Wewe ni mtoto wa kusini, umekulia kwenye korosho. Tangu msimu wa 2007/2008 tuko kwenye stakabadhi ghalani. Hakuna mzee hata mmoja anayepeleka gunia lake kwenye chama cha msingi akarudi mikono mitupu bila kudai karatasi yenye kilo na daraja. Atagombana mpaka jioni. Lakini mzee huyo huyo anampa DJ laki mbili chini ya mwembe, kwa "tumeelewana". Nyinyi mwaka juzi mliibiwa na hilo "tumeelewana" kabla ya kuibiwa na mtu.

Kisheria makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikulazimishi uandike. Na kifungu cha 73 kinampa aliyeumizwa haki ya kudai fidia. Tabu iko kwenye kuthibitisha. Utasimama Mahakama ya Mwanzo useme aliahidi spika sita, naye atasema aliahidi kuja, na alituma mtu. Basi andikeni ukurasa mmoja tu, kwa Kiswahili cha kawaida, msaini wawili na shahidi kila upande. Pesa tuma kwa simu, si mkononi, ili ujumbe wa muamala ubaki.

Ndani ya ukurasa huo, jambo la kwanza kabisa liwe jina la atakayesimama nyuma ya mashine. Jina la mtu, si jina la kampuni wala la kisanii. Akiumwa, atamleta nani, na mtamwona huyo lini kabla ya siku. Hapo ndipo lilipoingia tonge la shehe. Usichekeshwe na mtu atakayekuambia "timu yangu yote iko vizuri". Kisha vyombo: spika ngapi, maiki ngapi zisizo na waya na moja yenye waya ya akiba, maana betri za maiki huisha baba akiwa katikati ya wosia. Muda: anafika saa ngapi kufunga, si saa ngapi kupiga. Saa 8 mchana si mapema, akisema saa 12 jioni mtafungua shughuli mkiangalia mgongo wake akihangaika na nyaya. Anamaliza saa ngapi, na ikizidi, saa moja ya nyongeza ni shilingi ngapi. Usafiri wa vyombo kwa Kirikuu ni juu ya nani. Chakula chake na wasaidizi wake, na tafadhali sahani zao zihifadhiwe mapema, DJ mwenye njaa huanza kupiga nyimbo ndefu ndefu akatafute mishikaki.

Na jenereta. Hapa usikubali "ipo". Ipo wapi, ya nani, na petroli ni ya nani? Nimeona harusi ambayo jenereta ilikuja, imesafishwa inang'aa, tangi kavu, DJ anasema mafuta ni ya kamati, kamati inasema ni ya DJ, ukumbi giza, bi harusi kashika keki. Andika: jenereta ya DJ, mafuta juu ya kamati, yamenunuliwa Ijumaa na yako kwenye dumu. Iwashwe mchana ikiwa imebeba mzigo wote, spika na taa pamoja, si kuunguruma tu peke yake. Iwekwe nje mbali na madirisha, moshi wake unaua. Na hata umeme wenyewe ukiwepo, mitambo ipate waya wake kutoka ukutani, isichangie ekstensheni moja na friji la soda na taa za mpambaji. Friji likiwaka spika zinakohoa.

Kuhusu msiba pia muandike. Sisi tunaishi mitaani. Akifa mtu nyumba ya tatu Ijumaa, muziki hauwashwi nyumbani, hata kama umelipiwa. Mkubaliane mapema kama advansi itahamia tarehe nyingine au itapungua kiasi gani. DJ wa hapa anaielewa hali hiyo bila kuelezwa mara mbili.

Kibali msikisahau. Mwende kwa mtendaji wa kata mapema, mmuulize utaratibu na saa ya mwisho ya muziki, hasa kwa lile kesha la nyumbani. Kuna kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na jirani mwenye mtoto mchanga hahitaji kuzijua kwa namba ili apige simu. Mjumbe wa mtaa mpelekeeni kadi, aje ale. Na muulize DJ kama amesajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Jibu lake, na uso wake wakati wa kujibu, vitakupa habari.

Nyimbo ni rahisi kuliko unavyodhani, kwa sababu hawa watu wako watatu hawataki kitu kimoja kwa saa moja. Hajjati atakuwepo mwanzo. Bibi anataka heshima, hataki usiku kucha. Vijana wanaanza kuamka saa 5. Basi usiku upangeni kwa umri. Watu wakiingia na kula, piga kaswida na taarabu ya kizamani kwa sauti ambayo mtu anamsikia jirani yake bila kuinama. Kama mna vijana wa dufu wa madrasa, waite waingize maharusi, hajjati atalia machozi ya furaha na utakuwa umemaliza kazi ya mwaka mzima. Adhana ya Isha ikilia DJ azime kabisa, asipunguze. Mwandikie, asisubiri kukonyezwa.

Zawadi zikianza, hapo ndipo bibi. Na nakusihi, sindimba isitoke kwenye flashi. Tafuta wapigaji, ngoma za kweli, dakika 20 tu, mmwachie bibi aanzishe. Sindimba ya spika ni kama ugali wa picha. Mwambie DJ aweke maiki moja mbele ya ngoma na anyamaze. Usikose kumuonya jambo jingine: nyimbo za unyago ni za ndani, za wanawake, hata zikiwa zimerekodiwa na kuchangamka vipi. Zibaki kwenye kicheni pati. DJ wengi vijana hawajui wanachokipiga, wanasikia mdundo tu.

Baada ya keki, wazee mwaage kwa heshima, mabasi ya Lindi yaondoke. Kisha singeli, hadi mguu upate moto, hadi saa mliyopewa. Yenye matusi mpe orodha ya marufuku, nyimbo kwa majina, usiseme "usipige za matusi". Neno matusi lina tafsiri pana sana kwa mtu wa miaka 22. Muombe na upande wa Lindi walete nyimbo tatu wanazozipenda. Hakuna kinachomlainisha mkwe kama kusikia wimbo wake kwenye ukumbi wa wenziwe.

Na mtu mmoja tu awe na kauli kwa DJ usiku huo. MC anasema ongeza, shangazi mtu anasema punguza, rafiki wa bwana harusi amelewa anataka wimbo wake urudiwe mara ya nne. DJ aambiwe: wewe msikilize MC, na MC amsikilize huyu dada mwenye gauni la kijani. Asiwe wewe. Wewe utakuwa unatafuta vijiko.

Haya. Mjomba.

Umeandika kwamba alisimama kikaoni akasema laki sita ni dhambi. Mimi nasikia mzee aliyeandikisha laki nne mbele ya wakwe zake na wajukuu, msimu umechelewa kumlipa, tarehe inakuja, na kila kikao mhazini anasoma majina na salio kwa sauti. Elfu hamsini. Kikao kinachofuata, elfu hamsini. Kwa watu wetu, Wamakonde, Wayao, Wamwera, Wamakua, ukoo umefuata mama tangu zamani, na mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake. Baba wa siku hizi anaweza kudaiwa mchango akacheka. Mjomba hawezi. Alikuwa anatafuta kitu chenye thamani ya laki tatu na nusu ambacho anacho tayari ndani ya nyumba, akakiona: mtoto wake na sabufa zake. Mkimkatalia mtoto, mtakuwa mmemrudisha kwenye lile daftari mbele ya watu.

Kwa hiyo usimkatalie. Chukua neno lake, lihamishe siku. Kesha la Ijumaa nyumbani, wanawake wanamenya vitunguu, vijana wanafunga maturubai, kuna watu 60 au 80 na ua wenu. Pale sabufa mbili na laptopu vinatosha kabisa, tena vinafaa kuliko mitambo mikubwa ya mjini. DJ wako angekutoza usiku wa pili. Binamu anaufanya. Huo ni mchango halisi, na uandikwe kwenye daftari: mjomba, muziki wa kesha na usafiri wa vyombo kutoka Mikindani. Thamani yake kubalianeni na mwenyekiti pembeni, muwe wakarimu. Kilichosalia atakitoa korosho zikilipwa au hatakitoa, na katibu mwenye akili hatalisoma jina hilo tena.

Jumamosi, kama DJ atakubali, na umuulize kwanza, kijana asimame naye nyuma ya meza. Abebe nyaya, aone mtu anavyopanga sauti ya maiki kabla ya kuiwasha. Akiwa na kichwa, mwakani Mikindani watamlipa.

Anayekwenda kwa mjomba si wewe. Ni mama yako. Kaka anaweza kumfokea mpwa, dada yake atamsikiliza hata akiwa ameshanuna. Aende asubuhi, peke yake, kabla ya kikao, na asianze na muziki. Aanze na kesha: kaka, nyumba yangu Ijumaa itajaa watu, nani atanichangamshia? Amwache mzee ajibu mwenyewe. Na laki sita zirudi kwenye bajeti kimya kimya. Najua mtasema hazipo. Kwenye hilo daftari lenu kuna fungu la kuvunja kamati, nyama na vinywaji vya wajumbe. Hujaliandika kwenye barua yako, lakini mimi nimekaa kamati nyingi. Anzia hapo.

Wasalimie. Bibi mwambie basi la asubuhi lipo kila siku, asiwe na haraka.

Shangazi